Akira kwenye diski: uchukue DVD, Blu-ray au 4K?

Akira, filamu ya katuni ya Kijapani iliyoongozwa na Katsuhiro Otomo, ilianza kuonyeshwa Japani Julai 16, 1988. Tangu hapo imeuzwa kwa karibu kila umbo ambalo sinema imewahi kuuziwa watu wa nyumbani: kanda ya VHS, diski kubwa ya leza, DVD, Blu-ray na sasa 4K. Anayeitafuta leo anakuta makasha yenye jina lilelile na sifa zilezile, ila bei zimeachana mbali. Hapa nalinganisha picha na sauti peke yake. Hadithi haibadiliki, na aliyeipenda ataipenda hata kwenye simu.

Niseme mapema ninakoegemea. Mwenye TV ya HDR, yaani inayoweza kuonyesha mwanga mkali kuliko wa TV ya kawaida, na inayowaka vizuri achukue 4K bila kusita. Asiyekuwa nayo achukue Blu-ray, na tofauti ya bei aiweke kwenye spika. DVD ibaki kwa mwenye sababu maalumu, na sababu hizo ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza, filamu yenyewe ilivyotengenezwa

Mtu hawezi kupima diski kabla hajajua kilichokuwa kwenye utepe. Akira ilichorwa kwa mkono. Zaidi ya karatasi angavu za plastiki 160,000 zilichorwa, zikapakwa rangi, kisha zikapigwa picha moja baada ya nyingine kwenye utepe wa milimita 35. Rangi zilizotumika zilifika 327, na 50 kati ya hizo zilichanganywa mahususi kwa kazi hii. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya hadithi inatokea usiku. Studio nyingi za wakati ule zilikwepa matukio ya usiku, kwa kuwa usiku unadai rangi nyingi zinazokaribiana: buluu iliyokolea na buluu iliyokolea zaidi, kijani cha ukungu, zambarau inayokaribia weusi.

Lakini taa za mji ni habari nyingine. Mng'ao wa neoni, taa za nyuma za pikipiki zinazoacha mkia wa mwanga barabarani, miale ya silaha ya setilaiti: mwanga wa namna hiyo kwa kawaida haukutoka kwenye brashi. Taa halisi iliwashwa chini ya meza ya kamera, mwanga ukapenya kwenye uwazi ulioachwa katika kipande cheusi, na utepe ukarudishwa nyuma ili fremu ileile ipigwe tena. Kwa hiyo kwenye utepe kuna vitu viwili vilivyokaa pamoja. Kuna rangi ya kupakwa, ambayo inaakisi mwanga tu, na kuna mwanga wenyewe. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kila diski ya filamu hii: je, inavitenganisha?

DVD

DVD inayojulikana zaidi ni ile iliyotoka Marekani mwaka 2001 kupitia Pioneer, baada ya filamu kusafishwa na kuwekewa sauti mpya ya Kiingereza. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya heshima. Waliokuwa wameizoea kanda ya VHS waliona kwa mara ya kwanza vibandiko kwenye pikipiki ya Kaneda, kijana mkuu wa hadithi, na madirisha ya maghorofa yaliyo mbali.

Leo, kwenye TV ya inchi 43 au zaidi, udhaifu wake hauna pa kujificha. DVD ya Marekani au Japani ina pikseli 720 kwa 480, yaani chini ya 350,000 kwa jumla, na TV ya kisasa inalazimika kuzivuta zijaze kioo chenye mamilioni. Mistari myembamba ya wino inavimba na kupata kingo za ngazingazi. Ubaya zaidi uko kwenye giza. DVD inabana picha kwa mbinu ya zamani ya MPEG-2, na mbinu hiyo inapoishiwa na nafasi inaanza kutupa maelezo ya sehemu zenye giza, ikidhani jicho halitaona. Katika filamu ya mchana hasara hiyo inavumilika. Katika Akira, gizani ndiko uliko moyo wa kazi: zile buluu zilizochanganywa kwa uangalifu zinageuka vipande vya mraba vinavyotikisika nyuma ya wahusika.

DVD za Ulaya, ambazo ndizo wengi wetu hukutana nazo, zina mistari zaidi, 576 badala ya 480. Wengi huishia hapo na kudhani wamepata nafuu. Ila PAL, mfumo wa TV wa Ulaya, unaendesha fremu 25 kwa sekunde, na filamu ilipigwa kwa fremu 24. Njia iliyozoeleka ya kuziba pengo hilo ni kuikimbiza filamu nzima. Dakika 124 zinakuwa kama 119, na sauti isiporekebishwa inapanda juu kwa pungufu kidogo ya nusu toni ya muziki. Kwenye filamu ya maneno matupu huenda usigundue. Kwenye filamu iliyobebwa na kwaya na ngoma, kila sauti nzito inakuwa nyepesi kuliko ilivyoimbwa, na mapigo yanaharakishwa. Hiyo peke yake inanitosha kuikataa DVD ya Ulaya.

Kuhusu kopi za mtaani zenye filamu kumi ndani ya diski moja, hesabu ni nyepesi. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Ukigawa kwa kumi, kinachobaki hakitoshi hata kwa tukio la kwanza la mbio za pikipiki.

Blu-ray

Hapa ndipo hatua kubwa ilipo, kubwa kuliko ile ya kutoka Blu-ray kwenda 4K. Blu-ray ya kwanza ilitolewa na Bandai mwaka 2009, na mwaka 2013 Funimation wakatoa toleo la kuadhimisha miaka 25. Pikseli ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, na filamu inakwenda kwa mwendo wake halisi wa fremu 24. Katika mbio za pikipiki za mwanzo, ile hali ya picha kusitasita kamera inapopita haipo tena, kwa sababu hakuna fremu zinazorudiwa ili kujazia.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni punje. Juu ya kila fremu kuna chembechembe ndogo zinazocheza. Ndiyo asili ya utepe wa milimita 35, na diski iliyozihifadhi imefanya haki. Wapo watengenezaji wa diski za katuni wanaozifuta kwa kompyuta ili picha ionekane safi, na zikifutwa huondoka na mistari myembamba ya penseli na ule ukwaru wa rangi za mandhari. TV nyingi pia hufanya uharibifu huohuo zenyewe, kwa hiyo zima vipengele vya kupunguza vumbi la picha na vya kulainisha mwendo kabla hujailaumu diski. Kulainisha mwendo ni kosa kubwa kwa katuni ya aina yoyote: mchoraji aliamua mchoro upi ukae fremu ngapi, na mashine inabuni michoro ya katikati ambayo hakuna aliyeichora.

Utaona pia vumbi lililokuwa kwenye karatasi angavu siku ya kupigwa picha, na mara mojamoja kivuli chembamba cha karatasi moja juu ya nyingine. Mimi navipenda. Vinaonyesha kwamba kitu kile kililazwa mezani na mkono wa mtu.

Kikomo cha Blu-ray kiko kwenye mwanga. Picha yake imeandaliwa kwa biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi, na nyeupe yake ya juu kabisa ni nyeupe ya kawaida ya TV. Taa ya pikipiki na shati jeupe vinaweza kugonga dari lilelile. Katika anga lenye moshi uliopuliziwa rangi kwa upole, mara nyingine utaona mistari ya ngazi pale ambapo buluu ilitakiwa kufifia bila kuonekana inapobadilika. Hayo ni madogo, na mtu anaweza kuishi nayo miaka. Ila ukishaona toleo linalofuata, unajua kilichokosekana.

4K

Toleo la 4K lilianzia Japani Aprili 24, 2020, baada ya utepe wa milimita 35 kusomwa upya kwa ubora wa 4K na rangi kupangwa upya kwa HDR10. Matoleo ya nje yalifuata. Pikseli ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane.

Usinunue kwa sababu ya hizo milioni nane. Mchoro uliopigwa kwenye utepe wa 1988, wakati mwingine kupitia tabaka kadhaa za karatasi, hauna siri nyingi ambazo Blu-ray nzuri haikuzifikia. Utaona punje ndogo zaidi na mstari wa wino ulio mkali kidogo. Ukikaa mita tatu kutoka TV ya inchi 50, huenda usione tofauti ya ukali wa picha hata kidogo.

Nunua kwa sababu ya mwanga. HDR inaruhusu sehemu ndogo za picha kuwaka mara kadhaa zaidi ya nyeupe ya kawaida, na biti 10 zinatoa ngazi 1,024 kwa kila rangi badala ya 256. Hapo zile taa zilizowashwa chini ya meza ya kamera zinarudi kuwa taa. Pikipiki inapokata kona, mkia mwekundu unajitenga na barabara iliyopakwa rangi, na barabara yenyewe inabaki kwenye giza lake bila kugeuka kijivu. Mlipuko mweupe wa mwanzo, unaoumeza mji mzima, unakufanya upepese macho. Na katikati ya usiku wa Neo-Tokyo, mji wa hadithi hii, zile rangi za karibukaribu zinatengana: unaona kwamba ukuta wa nyuma una zambarau ndani yake, jambo ambalo DVD ililimeza lote.

Wapo watazamaji wanaosema toleo hili ni jeusi mno wakililinganisha na Blu-ray ya zamani. Malalamiko hayo mara nyingi yana mzizi kwenye TV. TV nyingi za bei nafuu zina nembo ya HDR kwenye kasha lakini kioo chake hakifiki hata niti 400, kipimo cha mwangaza. Ikipewa picha ya HDR inalazimika kuibana ishuke, na sehemu za kati zinakuwa hafifu. Kwenye TV ya namna hiyo Blu-ray itapendeza zaidi, na hilo nalisema bila wasiwasi. Tazama pia chumba chako: HDR inataka pazia lifungwe. Sebule yenye dirisha kubwa saa nane mchana itaua kila kitu ulicholipia.

Sauti, ambako uamuzi ni mgumu zaidi

Ningekuwa na muda wa kusema jambo moja tu kuhusu filamu hii, ningesema juu ya sauti yake. Muziki ni wa Geinoh Yamashirogumi, kundi lililoanzishwa mwaka 1974 na lenye mamia ya watu ambao wengi wana kazi zao nyingine za kila siku. Ndani yake mna jegog, ala kubwa za mianzi za Bali, mna uimbaji wa Noh, tamthilia ya kale ya Japani, na wa mahekalu ya Kibudha, na mna ule mwito wa "rassera" unaotoka kwenye tamasha la Nebuta la Aomori. Mianzi ile inatoa mlio mzito sana unaoanza kwa kishindo kikavu. Mlio wa namna hiyo ndio wa kwanza kuharibika sauti inapobanwa.

DVD hubeba Dolby Digital, ambayo kwenye DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde kwa njia zote sita. Maneno yanasikika sawasawa. Mianzi inapoingia pamoja na kwaya, ule ukavu wa mwanzo wa kila pigo unayeyuka, na besi inakuwa ngoma ya harusi inayosikika kutoka mtaa wa pili.

Blu-ray ya 2009 ilikuja na sauti ya Kijapani ya Dolby TrueHD 5.1, isiyopoteza chochote katika kubanwa, yenye biti 24 na sampuli 192,000 kwa sekunde, yaani wimbi la sauti limepimwa mara hizo kila sekunde. Si kawaida kabisa kwa filamu. Nyingi huishia 48,000. Sababu ni mtunzi mwenyewe. Shoji Yamashiro ni jina la kisanii la Tsutomu Ohashi, mwanasayansi ambaye mwaka 2000, pamoja na wenzake, alichapisha katika Journal of Neurophysiology utafiti unaodai kwamba sauti za juu kupita kiwango cha sikio la binadamu, yaani zaidi ya hezi 20,000, zinagusa ubongo zinapoambatana na sauti zinazosikika. Sampuli 192,000 zinaweza kubeba mawimbi hadi hezi 96,000. Kwa toleo la 4K sauti hiyo iliandaliwa upya chini ya usimamizi wake, kwa kiwango kilekile cha 192,000.

Nionavyo mimi, mnunuzi asiiweke namba hiyo mbele. Madai yale yamepingwa na wengine, na vyovyote iwavyo, spika nyingi za nyumbani hazitoi mawimbi hayo. Risiva nyingi, mashine zinazoendesha spika, nazo hushusha sampuli mara tu unapowasha mfumo wa kusawazisha sauti na chumba. Kilicho na thamani ya wazi ni kwamba sauti haijapunguzwa na kwamba aliyetunga muziki alikaa akaisikiliza. Pigo la mwanzi lina mwanzo, mwili na mwisho. Kwaya inazunguka nyuma yako badala ya kurundikana mbele. Na ukimya unakuwa ukimya kweli, jambo kubwa katika filamu inayojua kunyamaza kabla ya kupiga.

Kati ya Blu-ray na 4K, basi, kwa sauti ya Kijapani hatua ni ndogo. Ndiyo maana nilisema mwenye fedha kidogo aziweke kwenye spika. Blu-ray yenye sabufa nzuri na spika mbili za mbele zilizopangwa vizuri itakupa Akira kubwa kuliko 4K inayotoa sauti kupitia spika ndogo za nyuma ya TV.

Uangalifu mmoja wa waya. Ule wa macho, wa optiko, haubebi TrueHD. Ukiutumia, deki itatuma Dolby Digital ya kawaida, na utakuwa umerudi karibu na DVD bila kujua. HDMI kutoka deki moja kwa moja hadi risiva ndiyo njia. Kama sauti lazima ipite kwenye TV kwanza, TV na saundiba ziwe na eARC, njia mpya ya HDMI ya kutoa sauti kwenye TV. ARC ya zamani haitoshi.

Kijapani au Kiingereza?

Katika katuni nyingi za Kijapani, waigizaji huingiza sauti baada ya picha kuchorwa. Otomo alifanya kinyume: mazungumzo yalirekodiwa kwanza, na midomo ikachorwa kufuata sauti za Mitsuo Iwata, aliye Kaneda, Nozomu Sasaki, aliye Tetsuo, na wenzao. Kila irabu ina mdomo wake. Kwa hiyo ukisikiliza Kiingereza, unachokisikia na unachokiona vinapishana zaidi kuliko katika katuni ya kawaida. Sauti ya sampuli 192,000 nayo ni ya Kijapani.

Hata hivyo siwezi kumlaumu aliyekua na toleo la Kiingereza la zamani, lile la Streamline, na akataka kusikia sauti zilezile. Huyo atafute Blu-ray ya Funimation ya 2013, ambayo ina Kiingereza cha zamani na cha 2001 pamoja na Kijapani. Kwa matoleo mengine asome nyuma ya kasha, kwa kuwa lugha hutofautiana. Anayeagiza toleo la Kijapani athibitishe pia kwamba kuna maandishi ya chini katika lugha anayoisoma.

Kanda na deki

Jambo hili limewakosesha wengi filamu waliyoilipia. DVD zina namba za kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa: Afrika Mashariki ni 5, ilhali Ulaya, Japani na nchi za Ghuba ni 2, na Marekani ni 1. Deki nyingi za bei rahisi madukani kwetu hazijali namba hizo. Za Blu-ray zinajali zaidi. Afrika na Ulaya ziko kanda B, Marekani na Japani kanda A. Diski ya kanda A iliyoagizwa kutoka Marekani inaweza kugoma kabisa kwenye deki iliyonunuliwa Nairobi au Dubai. Kwa mtu wa huku, toleo la Blu-ray la Uingereza ndilo lenye usalama.

Diski za 4K hazina kanda. Iliyotoka Tokyo inacheza Mombasa bila maswali, na kwangu hiyo ni hoja nzito ya upande wake. Kumbuka tu kwamba Blu-ray iliyofungwa pamoja nayo katika kasha moja inaweza kuwa na kanda.

Deki nazo zina mitego. PlayStation 4 inacheza Blu-ray lakini haichezi diski za 4K, hata ile ya Pro. PlayStation 5 yenye mdomo wa diski inacheza, na vilevile Xbox One S na Series X. Mwenye moja ya hizo tayari ana deki na hana haja ya kununua nyingine.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mwenye TV ya 1080, au TV ya 4K ndogo isiyo na mwanga wa kutosha: Blu-ray, ya kanda inayolingana na deki yake. Usione kama umepunjwa. Hiyo ni filamu kamili, kwa mwendo wake halisi na kwa sauti yake yote.

Mwenye TV ya OLED, au ya LED yenye mwanga mkali inayopunguza taa kwa maeneo: 4K, moja kwa moja. Filamu chache za kuchorwa kwa mkono zinalipa gharama ya HDR kama hii.

Ambaye leo ana TV ya kawaida lakini anapanga kununua nyingine mwakani: seti ya 4K yenye diski zote mbili, mradi Blu-ray yake iwe ya kanda inayolingana na deki. Atatazama Blu-ray sasa, na diski ya pili itamsubiri.

Mwenye deki ya DVD tu, asiye na mpango wa kuibadilisha: achukue DVD ya Marekani ya 2001, si ya Ulaya, mradi deki yake inasoma kanda zote na TV inapokea NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, jambo ambalo TV za sasa karibu zote hufanya. Aitazame kwenye kioo cha inchi 32 au pungufu, taa zikiwa zimezimwa, na aifungulie sauti.